Kuazima Mbegu za Bustani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupokea, Kupanda na Kurejesha

Mbegu haifanani na bidhaa nyingine anazozipokea mlaji. Sukari yenye mchanga hujulikana siku ileile inapoonjwa, na taa mbovu hujulikana mara swichi inapobonyezwa. Ubora wa mbegu hujulikana baada ya siku au wiki kadhaa, wakati tuta limekwisha kulimwa, samadi imekwisha kuwekwa na mvua imekwisha kuanza. Mbegu ikishindwa kuota, mlaji hupoteza kazi aliyoifanya, maji aliyomwagilia na, zaidi ya yote, msimu. Fedha ya mbegu yaweza kurudishwa kwa risiti, msimu haurudishwi.

Kwa sababu hiyo, hata mbegu inayotolewa bure inastahili kuulizwa maswali. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kuazimana mbegu za bustani, manufaa yake, hatari zake na mipaka yake kisheria. Yameandikwa kwa kuzingatia mazingira ya mlaji wa Nyakato, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, ambako kaya nyingi zina eneo dogo la kulima: tuta moja au mawili kati ya nyumba na mawe, au magunia machache ya udongo yaliyopangwa ukutani. Hata hivyo, mengi yanayoelezwa hapa yanamfaa mlaji wa mahali popote kandokando ya Ziwa Viktoria.

Maana ya kuazima mbegu

Kuazima mbegu ni kupokea kiasi kidogo cha mbegu bila kulipa fedha, kwa ahadi ya kurejesha mbegu za aina ileile baada ya mavuno. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Kwa vizazi vingi jirani amempa jirani kunde za kupanda, na mama mkwe amempa mkazamwana mbegu za maboga za kuanzia maisha. Jambo jipya ni kuuweka utaratibu huo katika kikundi, chenye mahali pa kuhifadhia, daftari na masharti yanayojulikana kwa wote. Mahali hapo huitwa benki ya mbegu ya jamii. Na pale ambapo mkazo ni kuazima na kurejesha, kama vitabu vinavyoazimwa, huitwa pia maktaba ya mbegu.

Mfano unaofahamika katika ukanda wetu ni benki ya mbegu ya Kiziba, katika Wilaya ya Sheema, magharibi mwa Uganda, iliyoanza mwaka 2010. Wakulima wa hapo huazima mbegu za maharage na kurejesha kiasi kikubwa kuliko walichochukua. Katika benki nyingi za namna hii kanuni ni moja kwa mbili: aliyechukua kilo 1 hurejesha kilo 2. Ziada hiyo hufidia mbegu zilizoharibika, huwafikia wanachama wapya, na huiwezesha akiba kukua badala ya kupungua.

Mlaji asichanganye kuazima mbegu na ruzuku ya pembejeo. Ruzuku hutolewa na Serikali kwa wakulima waliosajiliwa, kwa mazao na masharti yaliyotangazwa. Kuazima ni makubaliano ya wananchi wenyewe. Mtu yeyote anayepiga simu au kutuma ujumbe akidai ada ya usajili ili upate «mbegu za bure» asitumiwe fedha. Mbegu ya kuazima haina ada ya kutumwa kwa simu, na taarifa za ruzuku huthibitishwa kwa afisa ugani au ofisi ya kata.

Manufaa kwa kaya

Manufaa ya kwanza ni kiasi. Mwenye tuta moja hahitaji pakiti nzima. Gramu 1 ya mbegu za mchicha ina zaidi ya mbegu 1,000, na kisoda kimoja hutosha kuotesha mchicha mwingi kuliko unavyoweza kuliwa na kaya moja kwa mara moja. Anayenunua zaidi ya mahitaji yake huishia kuweka pakiti iliyofunguliwa kabatini, ambako unyevu huiharibu.

Manufaa ya pili ni kupatikana kwa mbegu zisizouzwa madukani. Duka la pembejeo huuza kile ambacho kampuni huzalisha kwa wingi. Mgagani wa majani laini, kunde zinazotambaa zilizochaguliwa kwa ajili ya majani, njugu mawe na maboga yanayodumu kwa miezi baada ya kuvunwa hupatikana zaidi kwa watu kuliko madukani. Aina hizi zimezoea mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, pamoja na udongo wa kichanga unaotokana na majabali ya Mwanza. Nyingi ni sehemu ya chakula cha watu wa hapa. Mgagani, kwa mfano, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya miezi ya kiangazi, na Wasukuma huuita nsansa. Aina ya mbegu inapoacha kupandwa na kila mtu, hupotea mtaani, na haiwezi kuagizwa tena kutoka dukani.

Manufaa ya tatu ni maarifa. Anayekuazima mbegu ameipanda yeye mwenyewe. Anaweza kukueleza lini aliipanda, iliota baada ya siku ngapi na wadudu gani waliisumbua. Maelezo hayo hayaandikwi kwenye pakiti.

Si kila mbegu yaweza kuazimwa

Hapa ndipo walaji wengi huingia hasarani bila kukusudia. Ili mbegu iazimwe na kurejeshwa, ni lazima kizazi chake kifanane na mzazi. Mbegu zifuatazo zatofautiana katika jambo hilo.

Mbegu zinazofaa kwa anayeanza. Kunde, choroko, maharage, karanga, njugu mawe na nyanya za kawaida hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Mbegu utakayovuna itafanana na ile uliyoipokea, hata kama jirani amepanda aina nyingine. Mnafu nao umo katika kundi hili.

Mbegu zinazohitaji uangalifu. Maboga, matango na matikiti huchavushwa na nyuki, na nyuki hawajui mpaka wa kiwanja. Boga lako laweza kupokea chavua ya boga la nyumba ya tatu, na mbegu zake zikazaa kitu tofauti. Njia ya kuzuia ni kulifunga kwa uzi ua jike jioni kabla halijafunguka, kulichavusha asubuhi kwa ua dume la mmea wa aina hiyohiyo, kulifunga tena, kisha kuweka alama kwenye kikonyo cha tunda hilo. Mchicha, mgagani na bamia nazo huchanganyika kwa kiasi fulani; ng'oa mchicha pori ulio karibu kabla haujatoa maua.

Mbegu zisizofaa kurejeshwa. Mbegu chotara, ambazo pakiti yake huwa na alama ya F1, hutokana na kuwachanganya wazazi wawili maalumu. Mavuno ya kwanza huwa mazuri na yanayofanana, lakini mbegu zitakazotoka humo hutoa mimea ya kila namna. Si kosa kuzipanda. Kosa ni kuzivuna na kumpa mwenzako ukimwambia ni aina ileile. Mahindi pia hayafai kuzalishiwa mbegu katika kiwanja cha mjini, hata yakiwa ya kawaida, kwa kuwa chavua yake husafiri na upepo, na mbegu nzuri huhitaji mimea mingi, aghalabu zaidi ya 100, ili ukoo wake usidhoofike.

Mbegu ambazo hazitapatikana hapa. Kabichi na sukuma wiki huhitaji kipindi kirefu cha baridi ili kutoa maua, na joto la Mwanza haliwapi kipindi hicho. Mwenye sukuma wiki nzuri anaweza kutoa machipukizi ya kupandikiza, lakini asiahidi kurejesha mbegu. Vitunguu navyo vina shida inayofanana, na mbegu yake hupoteza uwezo wa kuota mapema, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Vipando visivyo mbegu. Pingili za muhogo na marando ya viazi vitamu huazimwa sana, na ndivyo vinavyosambaza maradhi kwa wepesi zaidi. Batobato kali na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi yaliyoleta hasara kubwa kwa wakulima wa muhogo wa Kanda ya Ziwa. Ugonjwa wa michirizi waweza kujificha: majani yakaonekana yana afya, ilhali mizizi ndani imeoza na kuwa na madoa ya kahawia. Usipokee pingili kutoka shamba usilolijua. Uliza kwanza kwa afisa ugani mahali panapopatikana vipando vilivyokaguliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea

Anayeazima anayo haki ya kuuliza, na anayeazimisha kwa nia njema hatachukizwa. Maswali yafaayo ni haya:

1. Hii ni mbegu ya aina gani, na inaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani? Jina moja laweza kutumika kwa aina mbili.

2. Ilivunwa mwaka gani na msimu gani? Mbegu ya kunde au maharage iliyohifadhiwa vizuri hudumu miaka miwili hadi mitatu. Nyanya huweza kufika minne.

3. Chanzo chake ni mavuno ya bustani, sokoni au pakiti ya dukani? Ikiwa ni pakiti, ilikuwa na alama ya F1?

4. Mimea iliyotoa mbegu hii ilikuwa na ugonjwa wowote? Mbegu ya kunde kutoka mmea wenye majani yaliyojikunja na yenye mabaka yaweza kubeba ugonjwa huo hadi kwenye bustani yako.

5. Imechanganywa na dawa yoyote?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Mbegu nyingi za viwandani hupakwa viuatilifu na kutiwa rangi, kama nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu, ili zionekane kuwa si chakula. Rangi hiyo ni onyo. Mbegu hizo zisiliwe na watu wala kuku, zisioshwe kwa nia ya kupikwa, na zisiwekwe katika chombo cha jikoni. Mbegu zilizotiwa dawa zisigawanywe katika vifuko visivyo na maandishi, kwa maana atakayepokea kifuko hicho hatajua kilichomo, na mtoto wake pia hatajua.

Jaribio la uotaji

Kabla ya kuilima ardhi kwa ajili ya mbegu ya kuazima, ijaribu. Jaribio halihitaji kifaa chochote. Hesabu mbegu 20 bila kuchagua nzuri. Zipange juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa, kikunje, kisha ukiweke ndani ya sahani iliyofunikwa mahali penye joto la kawaida. Kihakikishe kila siku kina unyevu bila kuelea maji. Kunde na choroko huonesha matokeo kwa siku tatu hadi tano. Nyanya huchukua wiki moja au zaidi.

Zikiota mbegu 16 au zaidi, uotaji ni asilimia 80 na kuendelea: panda kwa nafasi ya kawaida. Zikiota kati ya 10 na 15, panda kwa wingi zaidi. Zikiota chini ya 10, mrejeshee mwenyewe taarifa na usiitegemee mbegu hiyo kwa msimu. Taarifa hiyo ni msaada kwa kikundi, kwa sababu inazuia mbegu iliyokufa isiendelee kuazimwa kwa wengine.

Mgagani una tabia yake. Mbegu iliyovunwa karibuni huwa imelala, na jaribio laweza kuonesha kwamba haioti, ilhali ni nzima. Ihifadhi kwa miezi kadhaa, kisha irudie jaribio kabla ya kuitupa.

Kuvuna mbegu ya kurejesha

Mlaji aliyezoea kuvuna mboga hana budi kubadili mazoea anapovuna mbegu. Mboga huvunwa changa. Mbegu huvunwa iliyokomaa kabisa. Kwa hiyo, siku ya kupanda, tenga mimea ambayo hutaichuma. Mchicha huliwa baada ya wiki tatu au nne, lakini mbegu yake huhitaji takriban miezi mitatu. Asiyetenga mapema hula deni lake.

Chagua mimea bora, si iliyobaki. Ni kawaida kula mazuri na kuacha yaliyodumaa yatoe mbegu. Kwa kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, bustani huchagua udhaifu. Tia alama ya kitambaa kwenye mimea yenye afya, iliyochelewa kutoa maua kama unataka majani mengi, au iliyozaa sana kama unataka punje.

Kunde na choroko ziache zikauke kwenye mmea hadi maganda yapige kelele yanapotikiswa. Nyanya ziache ziive hadi zilainike, zikamue mbegu pamoja na ute wake katika kikombe, uziache zichachuke kwa siku mbili au tatu, kisha uzioshe na kuzianika. Kuchachuka huondoa ule ute unaozizuia kuota. Boga lenye mbegu lihifadhiwe wiki kadhaa baada ya kuvunwa kabla ya kupasuliwa, ili mbegu zimalize kukomaa.

Kukausha na kuhifadhi

Wahenga walisema akiba haiozi. Mbegu ni akiba inayooza, na adui zake wakuu ni unyevu na joto. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa mbegu husema kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, uhai wake huongezeka takriban maradufu. Na kila joto la mahali pa kuhifadhia linaposhuka kwa nyuzi 5 za sentigredi, uhai huongezeka vilevile. Karibu na ziwa hewa hubeba unyevu mwingi, hasa msimu wa mvua, hivyo mbegu iliyokauka jana huweza kunyonya unyevu tena ikiachwa wazi.

Anika mbegu juu ya kitambaa au ungo, kivulini penye upepo au kwenye jua la asubuhi. Usianike juu ya bati. Joto lake huiua mbegu bila kuonekana kwa nje. Ili kujua kama kunde au maharage yamekauka, weka chumvi kavu kidogo pamoja na punje ndani ya chupa kavu ya kioo, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mbegu bado zina unyevu, zianike tena.

Zikishakauka, zitie kwenye chupa safi ya plastiki au kioo, uijaze hadi shingoni, kisha uifunge vizuri. Chupa iliyojaa haina hewa ya kutosha kwa fukusi, na wale waliomo hufa. Chupa isipojaa, changanya kunde na majivu makavu yaliyochekechwa. Andika jina, mwaka na msimu kwenye karatasi, uweke nakala moja ndani na nyingine nje. Hifadhi chini ya kitanda au mahali penye kivuli. Darini chini ya bati hapafai.

Daftari na deni

Dawa ya deni ni kulipa, na deni la mbegu hulipika kwa urahisi pale tu masharti yanapofahamika tangu siku ya kwanza. Kikundi cha mtaa, kikundi cha kuweka na kukopa au kikundi cha wazazi wa shule kinaweza kuanza na daftari moja lenye safu hizi: tarehe, jina la aliyeazima, aina ya mbegu, mwaka wa mavuno, kiasi alichochukua, msimu atakaorejesha na kiasi alichorejesha. Kiasi kiandikwe kwa kipimo kinachojulikana na wote, kama kisoda, kijiko cha chai au kopo, na kipimo hicho kihifadhiwe pamoja na mbegu ili kisibadilike.

Makubaliano yajibu mambo manne. La kwanza, kiasi cha kurejesha. La pili, wakati wa kurejesha. Anayepanda kunde mwanzoni mwa vuli anaweza kurejesha kabla ya masika. La tatu, ni nani anayepima uotaji wa mbegu zinazorejeshwa. La nne, nini hutokea mazao yakifa. Inashauriwa kikundi kikubali mapema kwamba aliyepatwa na ukame, mafuriko au wadudu ataeleza, deni litafutwa au kuahirishwa, na ataruhusiwa kuazima tena. Deni la mbegu lisigeuzwe kuwa deni la fedha. Mlaji anayeambiwa «usiporejesha utalipa» na kutajiwa kiasi cha fedha anapaswa kufahamu kwamba jambo hilo limetoka katika kuazimana na kuingia katika biashara, na biashara ya mbegu ina sheria zake.

Kikundi kisiazimishe akiba yote. Sehemu ya kila aina ibaki bila kuguswa, ili msimu mbaya ukija usiondoke na aina yenyewe.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania biashara ya mbegu husimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na chombo kinachoisimamia kuhusu ubora ni Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI. Mtu anayefanya biashara ya mbegu hutakiwa kusajiliwa, na mbegu anazouza ziwe zimekaguliwa na kuwekewa lebo. Kwa hiyo, kikundi kinachoazimana mbegu za asili kisifungashe mbegu na kuziuza, kisiziite «zilizothibitishwa», wala kisitumie pakiti au nembo ya kampuni. Kikitaka kuanza kupokea fedha, kiombe kwanza maelekezo ya TOSCI.

Ipo njia iliyowekwa kwa wakulima wadogo wanaotaka kuuza. Ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima waliopewa mafunzo na kusajiliwa, mashamba yao hukaguliwa, na mbegu huuzwa katika eneo lenye mipaka tu. Jina hilo lisimchanganye msomaji: «kuazimiwa» hapa hutokana na kuazimia, yaani kutangaza ubora, wala si kuazima.

Sheria nyingine ni ile ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Aina iliyosajiliwa chini ya sheria hiyo haizalishwi na kusambazwa bila idhini ya mwenye haki. Kikundi kishikamane na mbegu za asili na aina za zamani zisizo na mwenye haki ya pekee. Kikiwa na shaka, kiulize.

Tanzania pia ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za kinasaba za mimea kwa chakula na kilimo. Mkataba huo unatambua mchango wa wakulima katika kuhifadhi mbegu, na unaziachia nchi jukumu la kutekeleza haki zao kwa kadiri ya sheria za ndani. Wasomaji wengine wamesikia kwamba mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vilivyowazuia wakulima wa nchi hiyo kugawana na kuuziana mbegu zao. Uamuzi huo ni wa Kenya. Haukubadili sheria ya Tanzania.

Mwisho, mbegu na vipando kutoka Kenya, Uganda au kwingineko visiingizwe kwa mfuko wa safari bila kibali, hata vikiwa zawadi ya ndugu. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeipa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, jukumu la kuzuia magonjwa na wadudu wasivuke mpaka. Mamlaka hiyohiyo inasimamia kituo cha taifa kilichopo Arusha kinachohifadhi nasaba za mimea.

Unapoamua kununua

Kuazima hakuondoi umuhimu wa duka. Kwa kabichi, vitunguu, nyanya chotara na mahindi, mlaji atafanya vema kununua. Nunua katika duka la pembejeo lililosajiliwa, katika pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI na tarehe ya mwisho ya matumizi. Lebo ya TOSCI ina namba iliyofichwa inayokwanguliwa. Ikwangue na ufuate maelekezo yaliyochapishwa ili kuhakiki kabla ya kuondoka dukani. Usinunue mbegu zilizopimwa kutoka pakiti iliyokwisha kufunguliwa. Dai risiti, na itunze pamoja na pakiti hadi mavuno. Mbegu zikishindwa kuota, vitu hivyo viwili ndivyo ushahidi wako.

Pa kupata msaada

Kwa ushauri wa upandaji, magonjwa na vikundi, fika kwa afisa ugani wa kata au idara ya kilimo ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Kwa utafiti wa mazao ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo pamba, muhogo na viazi vitamu, kipo kituo cha TARI Ukiriguru katika Wilaya ya Misungwi. Malalamiko ya mbegu bandia au lebo ya kutiliwa shaka yapelekwe TOSCI; na bidhaa bandia kwa ujumla, Tume ya Ushindani. Maonesho ya Nane Nane, yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Nyamhongolo ndani ya manispaa hiyohiyo, ni fursa ya kuwauliza wataalamu wa taasisi hizi ana kwa ana, bila gharama.

Kwa anayeanza msimu huu, inashauriwa achague aina moja tu, kunde au choroko, apokee kopo moja, ajaribu mbegu 20, apande, atenge mimea ya mbegu tangu siku ya kwanza, na arejeshe makopo mawili yaliyokauka yenye jina na mwaka. Akifaulu, msimu ujao kaya mbili nyingine zitapanda kutokana na mkono wake.